Sura ya Maonyesho ya Mabango

Bango huundwa lipige kelele. Kazi yake ni kumsimamisha mtu aliyekuwa na haraka zake. Sasa yapange kadhaa kwenye ukuta mmoja, ya chanjo, ya mechi, ya kura, halafu uambiwe ubuni sura ya maonyesho hayo: nembo, bena ya langoni, vibandiko vya maelezo, mialiko. Wateja wengi hutaka sura hiyo nayo ipige kelele. Mimi hukataa. Mshereheshaji havai shela.

Ndiyo maana pia sichukui bango moja zuri nikalifanya uso wa maonyesho. Ukifanya hivyo, mengine yote yanakuwa wasindikizaji. Nabaki na fonti moja, ukanda mmoja wenye upana usiobadilika, na rangi mbili.

Rangi ndizo huniweka macho. Tuseme kazi ni ya Makumbusho ya Kisumu. Chungwa haiwezekani. Tangu kura ya maoni ya katiba ya Kenya ya mwaka 2005, upande wa La ulipopewa chungwa na wa Ndiyo ukapewa ndizi, rangi hiyo imekuwa na wenyewe. Itundike langoni uone kama watu hawataulizia mkutano unaanza saa ngapi. Kijani na nyeupe ni za klabu ya soka ya Gor Mahia. Nyekundu ya udongo ingependeza, ila jua haliipendi. Wino wa uchapishaji ni wa rangi nne, na ule wa majenta (waridi iliyokolea) na wa njano, ambao ndio huzaa nyekundu, hupauka mapema kuliko wa samawati na mweusi. Tazama picha za wagombea zilizosahaulika ukutani baada ya uchaguzi: wote wamegeuka buluu, washindi kwa walioshindwa. Basi bena ya nje naijenga kwa nyeusi na samawati iliyokolezwa nyeusi. Najua, buluu ya ziwa imechoshwa na mahoteli. Hii ni nzito zaidi, na haitanikimbia kabla maonyesho hayajafungwa.

Ndani mambo ni kinyume. Karatasi ya zamani huharibiwa na mwanga, kwa hiyo makumbusho mengi huiwekea luksi 50 hivi tu (luksi ni kipimo cha mwanga), ilhali jua la adhuhuri nje linafika luksi 100,000. Mgeni akiingia, macho yake bado yamejaa jua. Herufi nyembamba za kijivu, zile zinazovutia sana kwenye kompyuta ya ofisini, hazionekani kabisa. Vibandiko vyangu ni vyeusi juu ya nyeupe isiyong'aa, herufi nene kiasi, na siziteremshi chini ya pointi 18 hata mwandishi wa maelezo akilalamika kwamba nafasi haimtoshi. Apunguze maneno.

Kuhusu fonti, sijali sana kama ina mikia au haina. Naijaribu kwa kuandika NYANG'OMA kwa herufi kubwa. Kiswahili na Dholuo (lugha ya Wajaluo) vyote vina ng', na fonti nyingi huacha pengo baada ya kile kialama, jina likasomeka kama mawili. Pengo hilo nalibana kwa mkono kwenye kila kichwa. Kisha nazima ukataji wa maneno wa programu, kwa sababu ikiachiwa kanuni za Kiingereza itaandika "maon-" mwisho wa mstari na "yesho" chini yake. Palipo lazima kukata, nakata baada ya vokali: ma-o-nye-sho.