Maana ya kutenga kiambata amilifu kutoka gome la mti

Kutenga kiambata amilifu ni kuipata ile kemikali moja, peke yake, inayofanya kazi ndani ya dawa, kisha kuthibitisha umbo la molekuli yake. Gome la mjafari lililochemshwa na kutiwa chupani bado ni mchanganyiko wa kemikali nyingi. Huo ni mchujo tu.

Kazi huanzia kwenye mti. Tawi lenye majani, na ua au tunda likipatikana, hukaushwa na kutambuliwa kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Magome ya Kariakoo yaliyokwisha katwakatwa hayana ushahidi huo, na mti ukikosewa, kazi yote imepotea. Gome hukaushwa kivulini penye hewa. Masika ya Dar huliotesha ukungu upesi, na ukungu una kemikali zake.

Gramu 500 za unga hulowekwa kwenye lita 2 za metanoli, aina ya alkoholi, kwa saa 72, huchujwa, na zoezi hurudiwa mara mbili. Metanoli huvukizwa kwa kupunguza mgandamizo wa hewa, joto lisizidi nyuzi 40. Mchujo hugawanywa kwa vimumunyisho vingine: heksani, dikloromethani na ethili asetati. Kila fungu hujaribiwa kwa vijidudu, na lile linaloviua ndilo hupitishwa kwenye safu ya silika jeli, bomba lililojazwa unga unaozitenganisha kemikali.

Hapa wengi hudanganyika. Tanini, kemikali za mimea zenye ukakasi, hung'ang'ania protini yoyote, kwa hiyo huonekana kama dawa ya kila kitu. Ziondolewe mapema kwa poliamidi, unga unaozinasa. Vimumunyisho pia huyeyusha ftaleti, kemikali za kulainisha plastiki, kutoka kwenye dumu la plastiki, na mtu huishia kutangaza plastiki kuwa dawa ya mti! Tumia vioo, na pitisha kimumunyisho kitupu, bila gome, katika hatua zilezile ili ulinganishe.

Utambuzi nao hautaki haraka. Miti ya jenasi ya mjafari, Zanthoxylum, hutoa kemikali mbili, kelerithrini na nitidini. Zote mbili zina fomula moja na kipimo cha uzito huonyesha 348 kwa kila moja, hivyo uzito pekee hauzitofautishi. Jibu liko kwenye NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha jinsi atomi zilivyopangwa, kwenye pete ya atomi yenye vikundi viwili vya methoksi (oksijeni iliyobeba kaboni moja): hidrojeni mbili za kelerithrini zimekaa jirani, kila moja huigawa alama ya mwenzake kuwa mistari miwili, za nitidini zinatazamana kutoka pande mbili za pete, na kila moja hutoa mstari mmoja.