Gofu la hoteli la 2020: kabla hujaita fundi wa marumaru

Mwenye hoteli hapa Mwanza akinipigia kuhusu jengo ambalo ujenzi wake umesimama tangu korona, huanza na bei ya marumaru. Namwelewa. Wageni wamerudi, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, na kila mtu anataka vyumba viingize hela. Lakini mimi ni mhandisi wa majengo, na pesa ya kwanza ningeiweka pasipopendeza kupiga picha: kwenye nondo na chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege inayokaa juu ya ardhi.

Tanzania hatukufungiwa ndani kama Uganda na Rwanda. Hata hivyo, Aprili 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa hadi Mei 18, na semina, ambazo ndizo zinazolisha hoteli nyingi za Mwanza, zikakauka. Mkandarasi asiyelipwa haongezi ghorofa. Aling'oa mirunda akaondoka, nguzo zikabaki na nondo zinachungulia angani.

Nondo hizo zimenyeshewa miaka kadhaa. Kutu nyepesi inayotoka kwa brashi ya waya haina neno, zege bado litashika. Hatari ni ile inayobanduka magamba, maana hiyo imekula chuma chenyewe. Safisha, kisha pima kipenyo. Nondo ya milimita 16 iliyoliwa ikabaki 14 haijapungua "kidogo": imepoteza karibu asilimia 23 ya eneo lake la kubeba mzigo. Hapo hatuendelei kumwaga zege. Tunatoboa zege la chini lisiloharibika na kupandikiza nondo mpya kwa gundi ya epoksi, kwa vipimo vya mhandisi, si vya kukisia. Afadhali yetu ziwa ni la maji baridi. Gofu la namna hiyo Dar au Tanga, kando ya bahari yenye chumvi, lingekuwa na hali mbaya zaidi.

Zege nalo lina ualkali unaoilinda nondo, ila hewa ukaa huuvunja polepole kuanzia nje. Kipimo chake ni rahisi: vunja kipande, nyunyizia fenolftaleini, kemikali inayogeuka pinki penye ualkali. Palipogeuka pinki bado pana kinga. Pasipobadilika rangi mpaka usawa wa nondo, usikimbilie plasta.

Sasa ziwa. Hapa ndipo wenye majengo ya ufukweni wanaponishangaa. Mei 2020, wakati saiti zimelala, Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, na kuipita rekodi ya 1964. Mwaka 2024 likapanda tena kupita hapo. Kwa hiyo ripoti ya udongo ya 2018 au 2019 inaeleza maji ya ardhini ya ziwa lingine kabisa. Chukulia bwawa la kuogelea lililojengwa likaachwa tupu. Kila mita moja ya maji inayopanda chini yake inasukuma juu kwa takriban tani moja kwa mita ya mraba, wakati jamvi la sentimita 30 lina uzito wa kama tani 0.7 tu. Linaweza kuinuka na kupasuka bila mtu kuligusa. Hali ni hiyo hiyo kwa tangi la maji taka na kwa chumba cha mashine cha chini. Chimba mashimo mapya ya kupimia maji kabla hujasaini chochote, na pima upya zile mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani yake, kwa sababu ukingo nao umesogea.

Kuhusu mkataba nitasema moja tu: usifufue bei za 2020. Nondo na saruji zimepanda, na mkandarasi aliyebanwa na bei ya zamani atafidia kwenye ubora. Weka kipengele cha marekebisho ya bei. Baraza la Taifa la Ujenzi lina kanuni ya kuyakokotoa.

Nashauri pia kufungua kwa awamu, ghorofa za chini kwanza, ukumbi baadaye. Ila mabomba ya ghorofa zisizotumika yazibwe kwenye tawi, yasiachwe na maji. Maji yaliyotuama kati ya nyuzijoto 25 na 45, na tangi la juu ya paa la Mwanza hufika huko bila shida, huotesha bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, ambao mgeni huwavuta pumzini akiwa anaoga bafuni. Siku ya kufungua tawi hilo, fundi bomba aachie maji yatoke mpaka yaishe ya zamani, atie klorini, ndipo chumba kipewe mteja.