Maji yako yametoka wapi? Maswali ya wakazi wa Nairobi

Maji ya mfereji hapa mjini hutoka wapi?

Mbali na hapa. Mto Nairobi wenyewe, kila aliyeuvuka pale Gikomba anajua si wa kunywa. Sehemu kubwa ya maji hutoka bwawa la Ndakaini katika kaunti ya Murang'a, lililojengwa kwenye Mto Thika na kukamilika 1994. Likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Mengine hutoka Sasumua kule Kinangop, bwawa la Ruiru upande wa Kiambu, na chemchemi za Kikuyu. Mito inayolisha mabwawa haya huteremka kutoka Aberdare, na ndiyo sababu mvua ikikosekana huko juu, mgao hukaza Umoja na Kayole.

Yanasafishwa?

Ndiyo. Sehemu kubwa ya maji ya Ndakaini husafishwa Ng'ethu, Gatundu. Hutiwa shabu ili tope ligandane na kuzama, huchujwa kwa mchanga, kisha hutiwa klorini.

Basi kwa nini niyachemshe?

Kwa sababu ya safari. Bomba likiwa limejaa, maji husukuma kutoka ndani kwenda nje. Siku za mgao bomba hukaa tupu, na penye ufa hufyonza kilicho nje yake. Sasa tembea mitaa yetu uone mipira ya plastiki iliyopitishwa ndani ya mitaro ya majitaka! Kipindupindu na homa ya matumbo huingilia hapo. Maji yakirudi baada ya siku kadhaa, ya kwanza kwanza yawe ya kudekia. Halafu kuna tangi la juu ya paa, ambalo wapangaji wengi hawajawahi kuona likioshwa.

Yachemke kwa muda gani?

Nairobi iko juu, takriban mita 1,700, kwa hiyo maji hutokota kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100. Usiwe na shaka, vijidudu hufa. Dakika moja ya kutokota sawasawa inatosha. Zaidi ya hapo unachoma gesi tu. Yaache yapoe humo humo, yakiwa yamefunikwa. Ukitumia dawa ya klorini, fuata kipimo cha pakiti na usubiri nusu saa. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Ploti yetu ina kisima kirefu cha pampu, na maji yanang'aa. Nayo?

Hapa hatari ni nyingine. Miamba ya eneo hili ni ya volkano, na maji yaliyokaa ndani yake huyeyusha madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi hupita hapo. Huwezi kuiona wala kuionja. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, floridi hubaki palepale, kwa hiyo huzidi kukolea. Klorini nayo haiigusi.

Wanaoumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka 8, kwa sababu meno yao ya kudumu bado yanaundwa ndani ya ufizi. Yakitoka yana madoa ya kahawia, na mtoto hugombezwa bure kwamba hapigi mswaki. Floridi ikiwa nyingi mno, kwa miaka mingi, huharibu hata mifupa.

Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa au mtambo unaosukuma maji kwa nguvu yapite kwenye utando unaozuia floridi. Usipoweza, tumia maji ya kisima kufua na kuoga, na ya kunywa, uji na maziwa ya mtoto yawe ya mfereji au ya mvua, yakiwa yamechemshwa.

Na ya boza, lile lori la kuuza maji?

Muulize dereva ameteka wapi. Wengine huteka mferejini, wengine visimani, na jibu la "ni safi, mama" halitoshi. Mwenye nyumba anayenunua boza kila wiki, au mwenye kisima, aombwe karatasi ya maabara. Humo tafuta mistari miwili: floridi, na bakteria wa kinyesi. Wa kwanza ukizidi 1.5, au wa pili usiposoma sufuri, maji hayo hayafai kunywewa yalivyo.