Creon Naye Aliapa kwa Zeus: Dhana Potofu kuhusu Imani na Akili katika Athens ya Kale

Dhana: Katika Antigone, msichana anasimama upande wa dini na mfalme upande wa akili.

Ukweli: Tamthilia hii ya Sophocles, iliyoonyeshwa karibu mwaka 441 K.K., haigawanyiki hivyo. Katika hotuba yake ya kwanza Creon, mfalme wa Thebes, anamtaja Zeus, aonaye yote, kuwa shahidi wake. Wazee wa korasi wanapouliza kama si miungu wenyewe waliomfukia Polyneices, kaka yake Antigone aliyekufa akiushambulia mji, Creon anafoka: miungu gani ingemjali mtu aliyekuja kuteketeza mahekalu yao? Machoni pake, kumnyima msaliti kaburi ni uchaji.

Watazamaji wa Athens hawakuiona amri hiyo ya kutomzika kuwa kichaa kitupu. Sheria yao wenyewe ilikataza msaliti kuzikwa katika ardhi ya Attica, yaani eneo la Athens. Mwanahistoria Thucydides anasema jamaa za Themistocles, jemadari wa Athens aliyehukumiwa kwa usaliti, walidai kuizika mifupa yake huko kwa siri. Lakini sheria hiyo iliacha nafasi ya kuzika nje ya mpaka. Creon aliamuru maiti iachwe wazi, iliwe na mbwa na ndege. Madhara yake mtabiri Tiresias anayaeleza hatua kwa hatua: ndege wanararuana kwa makucha, moto wa sadaka unakataa kuwaka, mafuta ya mapaja yanachuruzika juu ya majivu na kufuka moshi, kwa kuwa madhabahu zimejaa nyama ya maiti iliyodondoshwa na wanyama hao. Ni ripoti ya mtu aliyechunguza. Jibu la Creon? Watabiri wote wanapenda fedha.

Antigone naye anajua kupiga hesabu. Baada ya kuzitetea sheria za miungu zisizoandikwa, anasema asingefanya hivi kwa mume wala mtoto: mume akifa hupatikana mwingine, mtoto vilevile, lakini wazazi wakishakufa ndugu hazaliwi tena. Mshairi Mjerumani Goethe alitamani ithibitike kwamba mistari hiyo ilichomekwa na mtu mwingine. Hatuoni sababu ya kuiondoa. Aristotle aliijua na akaitumia kama mfano katika kitabu chake cha ufasaha. Kisha Haemon, mwana wa Creon, anapomsihi baba yake asikilize wengine, anaanza hivi: miungu ndio wanaootesha akili ndani ya wanadamu. Kwake hakuna ugomvi kati ya viwili hivyo.

Hata Creon anapojirudi anaharibu utaratibu. Korasi inamwambia amtoe kwanza msichana katika pango alimomfungia, kisha amjengee marehemu kaburi. Yeye anaanza na marehemu: anaosha mabaki, anayachoma kwa matawi mabichi, anainua tuta la udongo. Anapofika pangoni Antigone amekwisha kujinyonga.

Dhana: Jukwaa la tanzia lilikuwa mahali pa kuikwepa dini.

Ukweli: Tanzia zilishindanishwa kwenye sikukuu ya Dionysus, mungu wa divai, na kuhani wake alikaa mstari wa mbele. Majemadari 10 walimimina divai ya tambiko, ushuru wa miji washirika ulianikwa hadharani, na yatima wa vita walipitishwa mbele ya umma. Na ni hapohapo, mwaka 415 K.K., mtunzi mwingine, Euripides, alimweka Hecuba, malkia wa Troy, aombe kwa Zeus, “uwe sheria ya maumbile au akili ya wanadamu”. Menelaus, mfalme wa Sparta, anashangaa dua hiyo mpya, na mchezo unaendelea.

Dhana: Pentheus wa Euripides ni mtu wa akili anayepondwa na dini.

Ukweli: Pentheus, mfalme wa Thebes anayempinga Dionysus, anatoa amri za kufunga watu kabla ya kusikiliza, na kinachomponza ni hamu ya kwenda kuchungulia wanawake mlimani. Hoja za kisomi zinatoka kwa mtabiri: Demeter ni ardhi itoayo chakula kikavu, Dionysus ni kinywaji cha mzabibu. Cadmus, babu yake Pentheus, anaongeza ya kisiasa kabisa: hata kama si mungu, sema ni mungu, ukoo wetu upate heshima.

Dhana: Baraza la raia liliamua kwa hoja, utabiri uliachiwa washamba.

Ukweli: Waajemi walipokaribia, hekalu la utabiri la Delphi liliwaambia Waathene wategemee “ukuta wa mbao”. Baadhi ya wazee walisema ni ua wa miiba uliowahi kuizunguka Acropolis, ngome ya mji, wengine wakasema ni meli. Waaguzi walidai mstari unaotaja vifo kwenye kisiwa cha Salamis ulitabiri kushindwa. Themistocles akapinga kwa maneno yaleyale ya Delphi: kama watakaokufa wangekuwa ni sisi, mungu angesema Salamis katili, si Salamis takatifu. Raia wakamfuata, na meli 200 zilizojengwa kwa fedha ya machimbo ya Laurion zilikuwa tayari.

Linganisha na Nicias, jemadari wa Athens, huko Syracuse, Sicily, mwaka 413 K.K. Mwezi ulipatwa usiku wa kuondoka. Askari wengi walitaka kungoja, lakini Nicias alikwenda mbali zaidi: hata kujadili alikataa mpaka zipite siku 27, kama waaguzi walivyoagiza. Jeshi likazibiwa bandarini, likaangamia. Thucydides anamlaumu kwa kuzama mno katika uaguzi.

Dhana: Wanafalsafa waliitoa miungu kwenye siasa.

Ukweli: Socrates, aliposhtakiwa mwaka 399 K.K. kwa kutoitambua miungu ya mji, alijitetea kwa kauli ya Delphi na kwa sauti ya kimungu iliyomzuia kila alipotaka kukosea. Plato, katika kitabu cha 10 cha Sheria, anathibitisha kuwepo kwa miungu kwa hoja: kinachojisukuma chenyewe ni roho, na roho ilitangulia mwili. Asiyeshawishika, ingawa ana tabia njema, afungwe si chini ya miaka 5 katika nyumba ya kumrudisha akilini, akitembelewa na wajumbe wa baraza la usiku peke yao. Akitoka na kupatikana tena na hatia hiyohiyo, auawe.