Uswisi ina jeshi, tena la lazima

Wengi tunajua hivi: Uswisi haiegemei upande wowote vitani, kwa hiyo haina jeshi. Inaeleweka, maana ni lini umesikia Mswisi kaenda kupigana? Ila huko kutoegemea upande, kulikotambuliwa Ulaya tangu 1815, maana yake hawaingii vita vya wengine, sio kwamba hawajilindi. Wanaume wao wanaitwa jeshini kwa sheria, wanapiga kozi halafu wanarudi makazini kwao, kila baada ya muda wanaitwa tena, na wapo wanaokaa na bunduki ya jeshi nyumbani kabisa (hapo hata mimi nilishtuka), na mwaka 1989 walipiga kura kuhusu kulifuta jeshi, wengi wakakataa. Kucheki ni rahisi tu, katiba yao iko mtandaoni hadi kwa Kiingereza, soma kifungu cha 58 na 59.