Mshale wa Pande Mbili: Kemia ya Floraidi Katika Maji Yetu

Mama mmoja kutoka miteremko ya Mlima Meru alituletea maabara, hapa Arusha, chupa mbili za maji. Ya kwanza aliijaza moja kwa moja kisimani. Ya pili aliijaza maji ya kisima hichohicho baada ya kuyachemsha muda mrefu, mpaka lita 5 zilizokuwa ndani ya sufuria zikabaki lita 4. Alitaka tumpimie floraidi, kemikali inayotoka katika miamba na kuyeyuka majini, kwa kuwa mwanawe wa kwanza ameota meno ya kudumu yenye mabaka ya kahawia, na hakutaka mdogo wake apatwe na hayohayo. Chupa ya kwanza ilisoma miligramu 4 za floraidi kwa lita. Ya pili ilisoma 5. Alinitazama kana kwamba nimezichanganya.

Sikuwa nimezichanganya. Lita 5 zenye miligramu 4 kila moja zina jumla ya miligramu 20, na moto haukuondoa kitu kingine isipokuwa maji. Miligramu 20 zilezile zikabaki katika lita 4, na 20 ukigawa kwa 4 unapata 5. Kuchemsha huua vijidudu, kwa hiyo ushauri wa kuchemsha maji ya kunywa uko palepale, ila floraidi si kijidudu. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, na haifi. Huondolewa kwa njia moja tu, nayo ni kuihamishia mahali pengine, na ili kuelewa jinsi inavyohamishwa ni lazima kwanza kuelewa mmenyuko wa kikemikali ni nini, mlinganyo wake unasema nini, na kwa nini baadhi ya mimenyuko huandikwa kwa mshale unaoelekea pande mbili. Mada hizi hufundishwa sekondari, kwa Kiingereza, na kwa uzoefu wangu wanafunzi wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani na kuziacha hukohuko darasani, ilhali zimo ndani ya ndoo zao za maji.

Tuanze na magadi, yale ya mabonge yanayouzwa katika masoko ya Arusha na Moshi kwa ajili ya makande na kiburu. Sehemu yake kubwa ni chumvi yenye fomula Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Ukiyaweka katika kikaango kikavu juu ya moto mkali, bonge hupoteza ung'avu wake, hupasuka na kugeuka unga mkavu mweupe, na ukiupima utaona uzito umepungua. Huo ni mmenyuko, yaani vitu kugeuka kuwa vitu vingine, na mlinganyo wake ni huu:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + 5H₂O + CO₂

Upande wa kushoto wa mshale ni vilivyoingia, upande wa kulia ni vilivyotoka, na kila atomi iliyoandikwa kushoto sharti ionekane kulia. Hesabu mwenyewe: sodiamu 6 na 6, kaboni 4 na 4, haidrojeni 10 na 10, oksijeni 16 na 16. Kwa uzito, gramu 452 za magadi safi hutoa gramu 318 za unga, gramu 90 za mvuke wa maji na gramu 44 za hewa ya ukaa, na jumla ya hizo tatu ni 452 kamili. Kikaango kimekuwa chepesi kwa sababu gramu 134 zimepaa hewani. Mfaransa Antoine Lavoisier alilisisitiza jambo hili katika karne ya 18 kwa kupima kwa mizani kila kilichoingia na kila kilichotoka, hewa zikiwamo. (Magadi ya sokoni si safi kiasi hicho, huja na udongo, chumvi ya kawaida na, kwa bahati mbaya, mara nyingi floraidi pia, kwa hiyo familia inayokunywa maji yenye floraidi na kupika kwa magadi inaipata kwa njia mbili.)

Kosa ninaloliona zaidi katika madaftari ya wanafunzi ni kubadilisha namba ndogo za chini ili hesabu ikubali. Namba kubwa iliyotangulia fomula inaeleza idadi ya chembe, nayo ndiyo pekee tunayoruhusiwa kuigusa. Namba ndogo ya chini ni sehemu ya utambulisho wa kitu chenyewe: H₂O ni maji, na H₂O₂ ni dawa inayotoa povu kidondani.

Sasa mshale. Magadi kikaangoni hugeuka na hayarudi, kwa kuwa mvuke na hewa ya ukaa vimeshatoroka, na kwa muda mrefu wakemia walidhani mimenyuko yote ni ya namna hiyo. Aliyetilia shaka dhana hiyo aliipata shaka yake kando ya ziwa la magadi. Mwaka 1798 mkemia Mfaransa Claude Louis Berthollet alifuatana na msafara wa Napoleon kwenda Misri, na huko, kwenye maziwa ya bonde la Wadi Natrun, aliona ukoko wa magadi umejitanda pembezoni mwa maji. Jambo hilo lilimsumbua. Maabara ilikuwa imemfundisha kwamba ukichanganya kloridi ya kalsiamu na kabonati ya sodiamu, unapata chaki na chumvi ya mezani. Hapo jangwani chumvi ilikuwa tele, mwamba wa chokaa ulikuwa tele, na magadi yalikuwa yakitengenezwa, maana yake mmenyuko uleule ulikuwa unakwenda kinyumenyume. Alihitimisha kwamba wingi wa vitu vilivyopo una sauti katika kuamua upande ambao mmenyuko utaelekea. Wanorwe wawili, Guldberg na Waage, waliliweka wazo hilo katika hesabu mwaka 1864. Natron, yaani magadi, ndilo jina lililobebwa pia na Ziwa Natron letu.

Mmenyuko unaoweza kwenda na kurudi hufika hatua ambayo kasi ya kwenda inalingana na kasi ya kurudi, na hatua hiyo huitwa msawazo. Vitabu vingi huichora kama mizani iliyotulia, na mimi naona picha hiyo inapotosha, kwa sababu humfanya msomaji aamini kwamba kila kitu kimesimama. Afadhali kufikiria daladala iliyojaa inayotoka mjini kwenda Usa River: kila kituo wanashuka wanne na wanapanda wanne, idadi ya abiria haibadiliki, lakini walio ndani sasa si walewale walioanza safari. Ndivyo ilivyo pia ndani ya chupa ya soda iliyofungwa, ambamo hewa ya ukaa huendelea kutoka kwenye kinywaji na kurudi ndani yake kwa kasi moja. Ukifungua kizibo unawaruhusu abiria kushuka bila wengine kupanda, na msawazo unavunjika.

Msawazo wa namna hii ndio unaoeleza kwa nini maji ya upande wetu yana floraidi nyingi kuliko ya mahali pengi. Floraidi hutoka katika miamba ya volkano, lakini kiasi kinachoweza kubaki ndani ya maji huwekewa kikomo na madini yaitwayo floriti, ambayo huyeyuka na kuganda tena:

CaF₂ ⇌ Ca²⁺ + 2F⁻

Katika msawazo, ukolezi wa kalsiamu (yaani kiasi kilichoyeyuka katika kila lita) ukizidishwa kwa kipeo cha pili cha ukolezi wa floraidi hutoa namba isiyobadilika kwa jotoridi fulani, na kwa nyuzi 25 namba hiyo ni takriban 4×10⁻¹¹ kwa kipimo cha moli kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Kwa hiyo maji yenye miligramu 40 za kalsiamu kwa lita hayawezi kubeba zaidi ya takriban miligramu 4 za floraidi. Ziada hutulia chini ikiwa mashapo. Punguza kalsiamu hadi miligramu 4, na kikomo kinapanda hadi kama 12. Kalsiamu imepungua mara kumi ilhali floraidi imeongezeka mara tatu tu na ushee, na sababu ni ile 2 iliyo mbele ya F⁻. Miamba ya Meru ina sodiamu nyingi, maji yanayopita ndani yake hujaa sodiamu na bikabonati, na kalsiamu kidogo iliyomo hunaswa na kabonati na kutulia ikiwa chokaa. Mlinzi, yaani kalsiamu, ameondoka. Maji mengi hayafiki kikomo hicho cha juu, lakini hayahitaji kukifikia ili yalete madhara: Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania, iliyokubali viwango vya juu zaidi kwa miaka mingi, sasa inafuata 1.5 hiyohiyo.

Huko Ngurdoto, wilayani Arumeru, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na njia inayohusishwa zaidi na kituo hicho ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo kwa nyuzijoto 400 hadi 500 hivi. Ukiichoma chini ya hapo, maji yatanuka. Ukizidisha moto, mkaa hupoteza uwezo wake. Chembe nyeusi zinazobaki ni fosfati ya kalsiamu ya aina ileile inayojenga meno yetu, na hubadilishana na floraidi hivi:

Ca₁₀(PO₄)₆(OH)₂ + 2F⁻ ⇌ Ca₁₀(PO₄)₆F₂ + 2OH⁻

Kila floraidi inayoingia humtoa hidroksidi (OH⁻) mmoja; hesabu ya atomi inakubali, na hesabu ya chaji pia, hasi mbili kila upande. Kwa kuwa jino lina madini hayohayo, floraidi kidogo huliimarisha dhidi ya asidi. Mabaka ya kahawia yana chanzo tofauti kidogo: floraidi inapozidi katika miaka kama minane ya kwanza ya maisha, huvuruga ujenzi wa tabaka la nje la jino likiwa bado ndani ya ufizi, na jino huchomoza likiwa tayari limeharibika.

Mama yule alinunua chujio la mkaa wa mifupa, na baada ya muda mrefu alirudi na chupa ya tatu. Maji yalikuwa maangavu, chujio lilikuwa likitiririsha vizuri kama siku ya kwanza, naye alikuja kwa tahadhari tu. Kipimo kilisoma 3.8. Chujio lilikuwa limefika msawazo: floraidi inaingia ndani ya chembe, floraidi nyingine inatoka, na anayekinga kikombe chini anapokea karibu kilekile kilichomiminwa juu. Chujio la namna hii halizibi linapochoka, na kwa hiyo macho na ulimi haviwezi kulikagua. Ni kipimo tu. Tena, maji yake yalikuwa na ubesi mwingi, yaani hidroksidi tayari zilikuwa nyingi upande wa kulia wa mlinganyo, jambo linaloupunguzia mmenyuko hamu ya kwenda mbele na kulifanya chujio lichoke mapema kuliko la jirani mwenye maji yasiyo na ubesi kiasi hicho.

Udhaifu huohuo ndio unaotumika kulifufua. Mkaa uliochoka huoshwa kwa mmumunyo hafifu wa hidroksidi ya sodiamu, wa kama asilimia 1. Hidroksidi zinapokuwa nyingi kupita kiasi, mmenyuko hurudi nyuma, floraidi inaachia chembe, na mkaa unarudia hali yake. Kazi hii isifanyiwe nyumbani, kwa sababu kemikali hiyo huunguza ngozi na kupofusha macho, na mkaa lazima usuuzwe na kurekebishwa ubesi wake kabla maji ya kunywa hayajapita tena.

Mama aliuliza swali ambalo wanafunzi wengi hawaliulizi: hiyo floraidi iliyooshwa inakwenda wapi? Tulimwonyesha. Maji ya kuoshea hupunguzwa ukali kwa asidi, kisha tunaongeza kloridi ya kalsiamu, na ndani ya bika yale maji maangavu yanageuka ukungu, ukungu unageuka maziwa, na baada ya saa kadhaa tabaka jeupe linatulia chini. Ni CaF₂, floriti, madini yaleyale ambayo maji ya mlimani hayakuweza kuyatulizisha kwa kukosa kalsiamu.