Jozi ya Blumlein: ni nini, na inategwaje

Jozi ya Blumlein ni namna ya kurekodi sterio (sauti ya chaneli mbili, kushoto na kulia) kwa maikrofoni mbili zilizofungwa mahali pamoja. Asili yake ni hataza ya Uingereza namba 394,325, iliyoombwa Desemba 1931 na Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI. Humo mna pia santuri ya sterio: mchirizi mmoja wenye kuta mbili zilizoinama digrii 45, kila ukuta na chaneli yake. Sahani za aina hiyo zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1942, katika ajali ya ndege iliyokuwa ikijaribu rada.

Maikrofoni zote mbili lazima ziwe za umbo la nane, yaani husikia mbele na nyuma sawasawa, lakini ubavuni ni viziwi. Maikrofoni nyingi za utepe (zinazonasa sauti kwa utepe mwembamba wa metali) ndivyo zilivyo kwa asili. Moja ikae juu ya nyingine, vichwa vikaribiane bila kugusana. Ya juu ielekee digrii 45 kushoto, ya chini 45 kulia. Utamu uko hapa: ubavu kiziwi wa moja huangukia palepale uso wa nyingine unapotazama. Mwimbaji aliye digrii 45 kushoto huingia chaneli ya kushoto tu. Wa katikati huingia zote mbili, kila moja ikipungua desibeli 3. Na kwa kuwa sauti hufika kwa zote wakati mmoja, ukichanganya kuwa mono (chaneli moja) haijifuti. Zingetenganishwa sentimita 34, sauti ya ubavuni ingechelewa milisekunde 1 hivi, na kwenye mono sauti ya hezi 500 ingepotea.

Kwaya yenye upana wa mita 3, simamisha stendi mita 2 mbele yake. Ukisogea hadi mita 1, walio pembeni watavuka digrii 45 na kuingia kwa uso wa maikrofoni moja na mgongo wa nyingine, mawimbi yakiwa kinyume. Kwenye spika mbili hawana mahali, hujui wako upande gani. Kwenye mono wananywea.

Nyuma nako kunarekodiwa kwa nguvu ileile, tena pande zimebadilishana: anayekohoa nyuma kulia atasikika kushoto. Chumba kibaya, chenye feni au kuta tupu, hakifai kabisa kwa jozi hii.

Kabla ya kurekodi, linganisha geini, yaani kiasi ambacho kila maikrofoni inakuzwa. Elekeza maikrofoni zote kwenye chanzo kimoja, geuza polariti ya moja (mawimbi yake yawe kinyume), changanya kuwa mono, kisha rekebisha mpaka sauti iwe ndogo kuliko zote. Rudisha polariti. (Wengi husahau hili la mwisho.)

Maikrofoni ya utepe usiipelekee umeme wa volti 48 (ule unaopitia waya wa maikrofoni) ila mtengenezaji akiruhusu. Waya wenye hitilafu unaweza kuukata utepe. Usiipulize kuijaribu. Na ukiikaribia sana, besi inavimba.